Hotuba ya Katibu: Tuliyojifunza Katika Kitalu cha Kahawa



Katika kuadhimisha miaka 10 ya chama chetu, tungeweza kusimulia habari za magunia na fedha tu. Lakini imetupasa kunena habari za kitalu, kwani hapo ndipo tulipokosea na hapo ndipo tulipojifunza.

Kahawa ya arabika huipenda miinuko hii ya Kasulu na Kibondo, lakini mbegu yake haipendi baridi. Wala haiwekeki ghalani kama mahindi. Baada ya miezi michache huanza kupoteza uhai. Kwa hiyo hatuna budi kuipanda mara baada ya mavuno, mwezi wa Juni au Julai, wakati usiku una baridi kali. Penye joto huota kwa muda wa wiki 6 hadi 8. Penye baridi huweza kukawia hata miezi 3.

Mwaka wa kwanza hatukuyajua hayo. Miezi 2 ilipopita bila chipukizi, wanachama walinung'unika kwamba michango yao imezikwa. Kamati ikaona haya, nasi tukaamuru matuta yafukuliwe. Lo! Mbegu nyingi zilikuwa hai, zimekwisha toa kimzizi cheupe. Tukazirudisha udongoni kwa haraka, vimzizi vikapinda, na miche ilipokua tukaigawa bila kuichagua. Ilistawi wakati wa mvua; kiangazi kilipofika ikanyauka, kwani mzizi mkuu uliopinda hauwezi kuyafuata maji chini. Waliopoteza miche hawakuilaumu baridi. Walitulaumu sisi, na haki ilikuwa yao.

Tangu hapo tunafuata utaratibu huu. Mbegu huchumwa katika miti mizima isiyo na chulebuni, wala hatuchukui mbegu chini ya miti chotara, maana watoto wake hawafanani na mama. Ganda gumu humenywa kwa mkono ili mbegu iote upesi. Hulazwa upande bapa ukiwa chini, ikafunikwa udongo kidogo na nyasi kavu. Maji hutiwa asubuhi, tena kwa kiasi, kwani maji mengi pamoja na baridi huiozesha. Mche ukiwa bado kama kijiti cha kiberiti huhamishiwa katika kiriba, na kila wenye mzizi uliopinda hutupwa, hata kama majani yake yanapendeza.

Ndugu wanachama, mwenye pupa hadiriki kula tamu. Mkahawa humngoja mkulima miaka 3 kabla ya kumlipa. Sisi tulishindwa kuungoja mwezi mmoja. Katika miaka 10 ijayo, mtakapoona tuta liko kimya, msitulazimishe kulifukua. Nasi kwa upande wetu twaahidi kwamba hatutampa mwanachama mche ambao tusingeupanda katika mashamba yetu wenyewe.