Kipandauso Kisicho Kipandauso



Sisi tushindao mezani na kalamu na hesabu twakijua sana kipandauso. Kikitupata twameza aspirini, twafumba macho kidogo, kisha twarejea kazini. Kwa sababu ya mazoea hayo tumeona yatupasa kunena leo juu ya maradhi mengine yajifanyayo kipandauso, nayo ni mkanda wa jeshi upandao usoni.

Asili yake ni tetekuwanga. Mtu akisha kupona tetekuwanga, kirusi chake hakitoki mwilini. Hujificha katika mizizi ya mishipa ya fahamu, pengine kwa miaka 50. Nguvu za mwili zikipungua, kwa uzee au kwa maradhi, huamka na kuufuata mshipa mmoja mpaka kwenye ngozi. Kikiufuata ule wa paji la uso, hapo ndipo tudanganyikapo: kwa siku mbili tatu kichwa chauma upande mmoja, ngozi yachoma, hata kuchana nywele ni adhabu, wala hapana kitu cha kuonekana. Kisha hutoka malengelenge, tangu kope mpaka utosini, yasivuke katikati ya uso. Mpaka huo ndio alama yake kubwa.

Tena tazameni pua. Katika karne ya 19 tabibu Mwingereza, Jonathan Hutchinson, alionyesha ya kuwa malengelenge yakitokea nchani mwa pua, jicho nalo li hatarini, kwa kuwa tawi moja la mshipa hufika kote kuwili. Lakini pua kuwa safi si hati ya usalama. Jicho likiwa jekundu, au nuru ikipungua, mgonjwa apelekwe kwa daktari wa macho siku ile ile.

Dawa iko, asikloviri, nayo hufaa zaidi ikianzwa kabla ya saa 72 kupita tangu malengelenge kutoka. Wako wazipotezao saa hizo kwa kupaka majivu. Wengine (nasi twawajua) kwa kungoja mwisho wa mwezi.

Kijana apatwaye na mkanda wa jeshi na apimwe virusi vya Ukimwi pasipo kuona haya, maana mara nyingi huwapata walio navyo, na dawa za kuvizuia ziko. Maji ya malengelenge huweza kumpa tetekuwanga asiyepata kuiugua. Basi mgonjwa ajitenge na watoto wachanga na wenye mimba mpaka vidonda vikauke. Na maumivu huweza kudumu miezi baada ya ngozi kupona, hivyo mwenzetu arudiye ofisini akishika kichwa asidhaniwe mvivu.