Sala na Nadhiri: Neno Moja la Kiyunani



Wasikilizaji wapenzi, mama anakesha na mtoto mwenye homa. Usiku wa manane asema: Mungu wangu, ukimponya nitakutolea mbuzi. Je, mama huyo anasali, ama anafanya biashara na Mungu?

Sisi tunayo maneno mawili: sala na nadhiri. Wayunani, ambao Agano Jipya liliandikwa kwa lugha yao, walikuwa na neno moja lenye maana zote mbili, nalo ni «eukhe». Katika Agano Jipya laonekana mara tatu tu. Mara mbili, katika Matendo ya Mitume, maana yake ni nadhiri: katika sura ya 18, nywele zilinyolewa huko Kenkrea, bandari ya Korinto, na katika sura ya 21, Mtume Paulo aliombwa kuwalipia gharama watu wanne wenye nadhiri. Mara ya tatu, katika barua ya Mtakatifu Yakobo, sura ya 5, ni sala: sala ya imani, wazee wa Kanisa wampakapo mgonjwa mafuta.

Basi Wayunani walichanganya mambo? Sivyo. Mwalimu Origene, katika karne ya 3, aliandika kitabu kizima juu ya sala, naye alizipambanua vema maana hizo mbili. Twaziona pamoja kwa Hana, mama yake Samweli. Alikuwa tasa, akalia mbele ya Bwana akiomba mtoto wa kiume, na papo hapo akaahidi kumrudishia Mungu mtoto huyo. Angalieni vema: Hana hakuahidi mbuzi wala fedha. Alichokiomba ndicho alichokitoa. Mtoto alipoachishwa ziwa, akampeleka Shilo akamwacha huko. Mfanyabiashara hafanyi hivyo kamwe.

Yeftha naye aliweka nadhiri, lakini kwa haraka, asijue nani atatoka mlangoni kumlaki. Akatoka binti yake wa pekee. Ndiyo sababu Kanisa ladai fikira na hiari. Sheria yake ya mwaka 1983 yasema kwamba nadhiri ni ahadi juu ya jambo jema liwezekanalo. Iliyowekwa kwa hofu kubwa isiyo ya haki ni bure. Tena yamfunga yule tu aliyeiweka. Kwa hiyo mama yule, ikiwa mbuzi ni wa mumewe, nadhiri yake haimfungi mume.

Na aliyeweka nadhiri ikamshinda? Asiifiche, wala asiishi kwa hofu. Amwendee Paroko wake, ambaye kwa sababu ya haki aweza kumfungua, pasipo kuharibu haki ya mwingine. Hata mwenyewe aweza kuibadili kwa tendo jema lililo sawa au kubwa zaidi. Aliyeahidi mbuzi wake, na mbuzi akafa, aweza kumlimia mjane shamba.