Kumfadhili Binti Afike Chuo Kikuu
Hotuba kwa washarika na wageni katika adhimisho la miaka 100



Jubilei huhesabu majengo, na ni haki yake. Hotuba hii inaomba ihesabiwe pia safari ya binti wa mkulima wa maharage na mihogo, kutoka Murungu na vijiji vya Kibondo na Kasulu hadi mlango wa chuo kikuu.

Tangu Januari 2016 ada iliondolewa katika shule za serikali kwa kidato cha kwanza hadi cha nne. Mwaka 2022 kidato cha tano na cha sita vikafuata. Juu ya hapo ipo Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004 na kuanza kazi mwaka 2005. Kwa sababu hiyo husemwa kwamba mtoto wa maskini hana tena kisingizio. Asemaye hivyo hajawahi kujaza fomu za Bodi akiwa kijijini. Maombi hupita katika intaneti. Cheti cha kuzaliwa sharti kihakikiwe na RITA; yatima hudaiwa cheti cha kifo cha mzazi, nao wazazi wengi wa vijijini huzikwa bila karatasi hiyo kuandikwa. Atafutwe mdhamini, itafutwe sahihi ya serikali ya kijiji, kisha ya hakimu au kamishna wa viapo. Binti aliyefaulu vizuri aweza kukosa mkopo kwa kukosa mhuri.

Lakini ugumu mkubwa uko katika kalenda. Vyuo hufunguliwa kati ya Oktoba na Novemba, majira ambayo mvua zinaanza na mkulima amekwisha kuifukia fedha yake ardhini: mbegu, mbolea, vibarua. Mwezi huo huo binti anahitaji nauli ya zaidi ya kilometa 1,000 hadi Dar es Salaam, godoro, na chakula cha majuma ya kwanza, kabla ile fedha wanafunzi waiitayo bumu haijaingia. Asiye na ndugu mjini hutafutiwa mwenyeji, na si kila mwenyeji ana nia njema. Wazazi wanalijua hilo hata wasipolitamka. Wengine humzuia binti kwa hofu hiyo, ilhali kaka yake angefungiwa mzigo na kuagwa.

Majirani wa Uganda walijifunza kwamba kufungua mlango hakutoshi. Mwaka 1990 Chuo Kikuu cha Makerere kilianza kuwaongezea wasichana pointi 1.5 wakati wa udahili. Idadi yao ilipanda, ila walionufaika zaidi walikuwa wa familia zenye uwezo. Ndipo mwaka 2001, kwa fedha za Carnegie Corporation ya New York, ukaanza ufadhili uliowalenga wasichana wa familia maskini, ukilipa ada pamoja na malazi na mahitaji mengine. Kanisa nalo lina mfano wake: Shule ya Sekondari ya Wasichana ya Kilutheri ya MaaSae, Monduli, ilifunguliwa mwaka 1995 kwa mabinti wa wafugaji, na wafadhili wa ng'ambo wakakubali kumbeba mwanafunzi kwa miaka, wala si kwa muhula mmoja.

Usharika wa wakulima hauwezi kulipa ada ya udaktari ya miaka mitano, na isiahidiwe. Unaloliweza ni lile pengo la Oktoba. Sadaka za mazao hupigwa mnada baada ya ibada, mara nyingi kwa bei ya chini kwa kuwa kila nyumba imevuna. Magunia machache yakihifadhiwa mpaka bei ipande, nauli na godoro vimepatikana. Akina mama wa usharika wakilipitia faili la binti mapema, matokeo ya kidato cha sita yatakapotoka Julai hakutakuwa na mhuri wa kukimbizwa.

Na aondoke na barua ya utambulisho kwa usharika ulio karibu na chuo, barua iliyotanguliwa na simu ya mchungaji, ili basi linapoingia stendi ya Mbezi usiku awepo mama mmoja wa huko anayelijua jina lake.