Keti Pamoja Naye

Somo: Ayubu 2:11–13

 

Leo tunamtazama Ayubu akiwa ameketi majivuni. Mali imekwisha, watoto wamekufa, na moyo wake umelemewa. Rafiki zake watatu walifunga safari wakaja, wakakaa naye chini juma zima bila kumhubiria. Hapo walifanya vyema. Waliharibu baadaye, walipofungua vinywa na kumwambia kwamba mateso hayo yametokana na dhambi zake.

Maneno kama hayo hayajaisha. Mtu akiugua malaria, jirani huleta uji na wazee wa kanisa huja kumwombea. Akiugua akili, minong'ono huanza: amerogwa, ana pepo, ni laana ya ukoo. Hapa kwetu, jina la hospitali ya Mathari, iliyofunguliwa Nairobi mwaka wa 1910, watu hulitumia kutukanana. Ndiyo sababu jamaa wengine humficha mgonjwa wao chumba cha nyuma, wala hawamtaji hata katika maombi.

Lakini tusikie habari kutoka Zimbabwe. Huko Dkt. Dixon Chibanda, daktari wa magonjwa ya akili, alifiwa na mgonjwa aliyejiua, ambaye jamaa zake walikosa nauli ya basi ya kumleta hospitali. Madaktari wa kazi hiyo walikuwa wachache mno. Basi mwaka wa 2006, katika mtaa wa Mbare mjini Harare, alianza kazi pamoja na akina nyanya 14. Walifundishwa, kisha wakaketi kwenye mabenchi nje ya zahanati ili wawasikilize watu.

Mwanzoni benchi liliitwa la afya ya akili, na watu wakalikwepa. Nani angetaka kuonekana pale? Akina nyanya wakashauri liitwe Benchi la Urafiki. Wakatumia pia neno la Kishona, kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi. Watu wakaja.

Nyanya husikiliza kwanza. Kisha humsaidia mgeni wake kutaja shida zake, kuchagua moja, na kupanga hatua anayoiweza. Mwenye hali nzito zaidi hupelekwa kwa wauguzi na madaktari.

Je, kazi hiyo ilifaa? Watafiti waliwafuata watu 573, wakachapisha matokeo mwaka wa 2016. Baada ya miezi sita, kati ya kila watu 100 waliohudumiwa kwa njia ya kawaida, karibu 50 walikuwa bado na dalili za ugonjwa wa huzuni. Kati ya 100 walioketi na akina nyanya, walikuwa karibu 14 tu.

Ndugu zetu, makanisa yetu yana mabenchi mengi, na akina nyanya tunao. Lililobaki ni kuketi. Tumtembelee mgonjwa na kumwita kwa jina lake. Tusimfunge kamba, wala tusiyapeleke mambo yake kwa majirani. Tumchangie nauli ya kliniki. Tukimwombea, tusimwambie atupe dawa. Hata mwenye kisukari tunamwombea bila kumnyang'anya sindano yake. Tena tumkumbuke anayemtunza, kwa maana naye amechoka. Jumamosi moja tukae na mgonjwa, ili mama yake apate kwenda sokoni au kulala.

Kumbukeni pia jinsi kitabu cha Ayubu kinavyokwisha. Mungu aliwakemea wale rafiki, akawatuma kwa Ayubu ili yeye ndiye awaombee. Huenda yule tunayemwita kichaa ndiye ambaye maombi yake tunayahitaji.

Tuombe. Ee Bwana, wewe hukupita mbali na walioteseka akilini. Wafariji wote wanaoumia leo kwa siri, na wale wanaowatunza. Funga vinywa vyetu tunapotaka kuhukumu, na utupe miguu ya kwenda kwao na subira ya kukaa nao. Katika jina la Yesu. Amina.