Watoto Wachache na Uzee Wetu
(Maneno ya wanakikundi siku ya kutimiza miaka kumi)



Tumepewa dakika chache tuzungumzie uzazi, na tunajua wapo watakaoguna: hilo nalo linahusu nini kwenye sherehe ya kuweka na kukopa? Linahusu, jamani.

Wengi wetu tumezaliwa katika nyumba za watoto saba, wanane. Sisi wenyewe tuna wawili au watatu. Mama zetu hawakuwa wajinga. Walizaa wengi kwa kuwa walizika wengi. Uchunguzi wa afya wa taifa wa mwaka 1991/92 ulionyesha kuwa katika kila watoto 1,000 waliozaliwa hai, 141 walikufa kabla ya kutimiza miaka mitano. Ule wa mwaka 2022 ulikuta 43. Mtu akijua mwanawe atabaki, hana haja ya kuzaa wa akiba.

Huku kusini tumetangulia. Mwaka 2015/16 mwanamke wa Lindi na Mtwara alihesabiwa kuzaa wastani wa watoto 3.8, wakati wenzetu wa Kigoma na Tabora ni 6.7. Wataalamu wanataja elimu, sindano na vijiti vya zahanati. Sawa, lakini sisi tunayajua na mengine: mume yuko dago miezi mitatu, ndoa inavunjika, bei ya korosho leo juu kesho chini, na sare za shule hazingoji msimu.

Tena tuseme kwa adabu, si kila mwenye mmoja amechagua. Yuko mwenzetu humu aliyeitwa mgumba kisimani, mbele ya watu. Tukisifu uzazi wa mpango, tusimchome yeye.

Sasa tuje kwenye sanduku. Masika iliyopita mwenzetu mmoja, mtu mzima, aliteleza uani akavunjika nyonga. Ana watoto wawili, wazuri kabisa, wote wako Dar es Salaam wanatafuta riziki. Walituma pesa kwa simu siku ile ile. Lakini simu haimgeuzi mtu kitandani, wala haikorogi uji. Tulikwenda sisi, kwa zamu, wiki sita. Tulipotaka kumtolea fedha kwenye mfuko wa jamii, katibu akafungua katiba: msaada ni kwa msiba, na hongera kwa aliyejifungua. Basi! Tulibishana mpaka adhana ya magharibi, ndipo tukatoa, huku baadhi yetu wamenuna.

Kosa ni letu wote. Tuliandika katiba ile kama kwamba bado tunazaa wanane, na kwamba mmoja wao hatakosekana nyumbani. Bibi zetu uzee wao waliuweka kwa watoto. Sisi tumepunguza watoto, na hatujutii, ila ule uzee hatujauweka popote.

Kwa hiyo tunaomba mzunguko mpya ukianza, mchango wa mfuko wa jamii upande kutoka shilingi 500 hadi 1,000 kwa wiki, na katiba iongezwe kifungu cha mwanachama mgonjwa au mzee, pamoja na zamu ya kumuuguza. Anayeona 1,000 ni nyingi aseme leo, asiseme njiani.

Daftari liko kwa katibu, pale karibu na sufuria za pilau. Tutie sahihi kwanza, ndipo tupakue.