Kipindupindu: Hesabu ya Maji na Hesabu ya Bikaboneti

Mtu mzima wa kilo 50 ana takriban lita 30 za maji mwilini. Lita 20 zimo ndani ya seli. 10 ziko nje, kwenye damu na katika nafasi zilizo kati ya seli. Kipindupindu huanza na hizi 10. Sumu ya vimelea huzifanya seli za utumbo mwembamba zimwage kloridi mfululizo, sodiamu na maji vikafuata, na mgonjwa aliyeishiwa maji vibaya hutufikia akiwa amepoteza kama lita 5.

Hesabu hiyo wodini tunaijua. Tunayoisahau ni ya bikaboneti. Kila lita ya choo chake kinachofanana na maji ya mchele hubeba takriban milimoli 44 za bikaboneti, karibu mara mbili ya 24 iliyomo kwenye lita ya damu. Zidisha kwa 5: milimoli 220. Lita 10 za nje ya seli zilikuwa na 240 tu! Figo, mifupa na seli hufidia kiasi, lakini damu inapopungua viungo hukosa oksijeni na asidi ya laktiki huongezeka juu ya hasara ile.

Dalili ya upungufu huo wa bikaboneti iko kwenye pumzi. pH ya damu hutegemea uwiano wa bikaboneti na kaboni dioksidi iliyoyeyuka: 20 kwa 1 huleta 7.4. Bikaboneti ikishuka hadi 12 na kaboni dioksidi ikabaki vilevile, uwiano ni 10 kwa 1, na pH ni 7.1. Ndipo mgonjwa anapohema kwa kina na kwa haraka, aitoe kaboni dioksidi, na pH ipande hadi karibu 7.3. Kwa hiyo nawasihi: macho yameingia ndani, ngozi ya tumbo ukiifinya inakawia kurudi, anahema kwa nguvu na kifua kinasikika safi, usikimbilie kuandika nimonia.

Jambo hili si geni. Mwaka 1831 William O'Shaughnessy alipima damu ya wagonjwa wa kipindupindu huko Uingereza akakuta imepungukiwa maji, chumvi na alikali. Mwaka uliofuata Thomas Latta, huko Leith, Uskoti, alianza kuwatia wagonjwa maji yenye chumvi na soda kwenye mshipa.

Ndiyo maana naitetea dripu ya Ringer lakteti. Ina milimoli 28 za lakteti kwa lita, ambayo ini huigeuza kuwa bikaboneti. Dripu ya chumvi ya kawaida hurudisha ujazo, ila haina alikali hata chembe. Itumike Ringer inapokosekana, kwa maana mgonjwa hawezi kusubiri. Kwa mtu wetu wa kilo 50: lita 1.5 ndani ya dakika 30, kisha 3.5 kwa saa mbili na nusu.

Ringer nayo ina upungufu: potasiamu yake ni milimoli 4 tu, na choo kimeondoka na nyingi zaidi. Kibaya zaidi, asidi huitoa potasiamu ndani ya seli, kipimo cha damu kikaonekana kizuri. Asidi ikitulia, potasiamu hurudi ndani, na hapo misuli hulegea na tumbo hujaa. Pengo hilo huzibwa na ORS, yaani maji ya kunywa yenye chumvi na sukari: ina milimoli 20 za potasiamu kwa lita, na sitreti ya kuleta bikaboneti. Mgonjwa akiweza tu kumeza, apewe kikombe dripu ikiwa bado inakwenda.