Ini Huumia Kimya Kimya: Tupimwe Mapema

Mazungumzo kwa wakazi wa Chepsaita, Kaunti Ndogo ya Turbo



Tukisikia ini la mtu limeharibika, wengi wetu tunalaumu pombe. Ni kweli pombe huharibu. Lakini kuna watu wasioonja hata busaa ambao ini lao limejaa makovu kwa sababu ya homa ya ini aina ya B.

Virusi vyake hukaa ndani ya chembe za ini. Kinachoumiza ini zaidi si virusi vyenyewe, bali vita. Askari wa mwili hushambulia chembe zenye virusi, ini huvimba, na penye jeraha mwili hujaza nyuzi ngumu. Hilo ndilo kovu. Vita vikiendelea kwa miaka mingi, ini hushindwa kufanya kazi, na saratani huweza kufuata.

Mwili una breki zake. Kimeng'enya kiitwacho IDO huvunja triptofani, kirutubisho ambacho askari hao hukihitaji ili waongezeke. Kikipungua, askari hupoa. Lakini wakipoa kupita kiasi, virusi hupata maficho. Wanasayansi bado wanachunguza mizani hiyo. Kwa hivyo, anayekuuzia sokoni dawa ya "kuongeza kinga" ili upone ini, usimpe pesa zako.

Tufanye nini basi? Kwanza, tupimwe damu, kwani ugonjwa huu huweza kukaa miaka bila dalili. Pili, chanjo. Kenya ilianza kuwachanja watoto wachanga mwaka 2001, nao huchanjwa wakiwa na wiki 6, 10 na 14. Wengi waliozaliwa kabla ya hapo hawakuipata. Mtu mzima asiye na virusi huchanjwa mara tatu katika miezi sita. Tatu, anayepatikana na virusi afuate kliniki. Dawa kama tenofovir hutuliza virusi na kupunguza makovu. Nne, tukaushe mahindi vizuri kabla ya kuyahifadhi, kwa maana sumu ya ukungu, aflatoksini, huongeza hatari ya saratani ya ini.

Mwisho, tusimtenge mgonjwa. Virusi hivi hupita kwa damu, kwa ngono, na kutoka kwa mama hadi mtoto anapozaliwa. Havipiti kwa kusalimiana wala kunywa mursik pamoja.